Safari ya Korongo la Boko

Siku Fakihi alipoliona lile shimo, alikuwa amekwenda Boko kuuza kiwanja cha mtu mwingine. Mnunuzi hakutokea. Pengine alizinduka akiwa njiani, pengine alikuwa ameshauziwa kiwanja hichohicho na mjanja aliyewahi zaidi. Mambo hayo hutokea, na Fakihi hakuwa mtu wa kumwekea mwenzake kinyongo kwa ajili ya kazi. Alizunguka nyuma ya vichaka kutafuta mahali pa kujisaidia, na hatua tatu mbele ardhi ikaisha.

Yalikuwa machimbo ya mawe yaliyoachwa siku nyingi. Kuta nyeupe zilisimama wima, urefu wa minazi mitatu, na chini kabisa palikuwa na maji ya kijani yaliyotulia tuli. Mtu mwingine angeona shimo akarudi nyuma. Fakihi aliona korongo. Aliona na watu wamevaa kofia pana wakipigana picha, na mbele yao akajiona yeye mwenyewe amevaa kizibao chenye mifuko mingi, ameshika kipaza sauti, akisema "wageni wangu waheshimiwa". Ile haja iliyompeleka kichakani ilimtoka kabisa akilini.

Ni vizuri ijulikane mapema kwamba safari hii Fakihi hakuwa akitafuta fedha za anasa. Alikuwa akitafuta mahari. Najma, fundi cherehani wa Temeke, alipoulizwa na baba yake anataka mahari gani, hakutaja dhahabu wala kitanda. Alitaka cherehani ya umeme ya kudarizi, ile inayochora maua yenyewe huku fundi anakunywa chai. Alimpa Fakihi muda hadi mwisho wa mwezi, kwa sababu kulikuwa na muuza nyama mmoja wa Vingunguti, mwenye mabucha mawili, aliyekwisha kuleta salamu mara mbili, na kila salamu ilikuja na kilo ya maini. Fakihi alimpenda Najma kweli. Katika maisha yake yote, hilo lilikuwa jambo pekee aliloweza kulisema bila kulitia chumvi, na kwa hiyo alikuwa analisema vibaya.

Wateja aliwapata jirani na alipopanga, Buguruni. Kulikuwa na Umoja wa Watu wa Tabora, Wanyamwezi waliosaidiana kwa harusi na misiba, na ambao kila mwaka walifanya matembezi ya siku moja. Mwaka uliopita walikwenda ufukweni, na mwenyekiti wao, Mzee Adelard, mwalimu mstaafu wa jiografia, akakanyaga kitu chenye miiba, akatembelea kisigino wiki mbili. Mwaka huu walikuwa wameapa hawataki bahari. Walitaka milima.

Fakihi alikwenda na shikamoo zake mpaka barazani kwa mwenyekiti. Akawaeleza waliokuwepo habari za Korongo la Mzimu, lililojificha ndani kabisa ya milima, mahali ambapo Wazungu hupanga foleni na wenyeji hawajui. Alieleza kila kitu kwa sauti ya juu, isipokuwa jambo moja alilolisema kwa kunong'ona, kama mtu aliyeponyokwa: kwamba maji ya chini ya korongo lile yakinawiwa usoni hupunguza umri. Kufikia magharibi hapakuwa na Mnyamwezi Buguruni nzima ambaye hajasikia. Mzee Adelard alirudi kuuliza, kwa njia ya kitaaluma tu, kama mtu anaruhusiwa kuondoka na maji hayo. Fakihi akasema mila inaruhusu chupa moja ndogo kwa kila mgeni.

Aliyekusanya michango alikuwa mweka hazina wao, Mama Yuliana, mwanamke mpana, muuza asali ya Tabora sokoni, ambaye maneno yake yalikuwa machache na hakulipia kitu kabla ya kukionja. Alimtazama Fakihi kwa muda mrefu kidogo, akamwuliza kwao ni wapi. Fakihi akajibu ni hukohuko mlimani. Lakini safari haionjwi, kwa hiyo Mama Yuliana akamkabidhi michango, na Fakihi hakusimama mpaka Kariakoo, kwenye duka la cherehani.

Jumamosi alfajiri, Kosta ya kukodi ilikuwa imesimama Buguruni, na Fakihi mlangoni na kizibao chake. Kwenye kiti cha nyuma kabisa, imefungwa kwa khanga, ilikaa cherehani ya Najma. Aliichukua safarini kwa sababu alipopanga alikaa na wajanja wenzake wawili, na hakuwa na imani na watu wa aina hiyo. Mpango wake ulikuwa kuwashusha wageni jioni, kisha aende moja kwa moja Temeke na mahari mkononi.

Wageni walikuja ishirini na wanane. Zile chupa ndogo hazikuonekana. Walikuja na madumu ya lita ishirini, mengine ya lita arobaini, na Mzee Adelard alikuwa na pipa la plastiki ambalo alisema amelileta kwa ajili ya kukalia. Mama Yuliana alikuja na dumu moja tu, limejaa asali, kwa ajili ya chai ya njiani.

Sasa, mtu atauliza, inawezekanaje kuwatoa watu Buguruni na kuwapeleka Boko, mwendo wa saa moja, wakaamini wamefika milimani. Fakihi naye alijiuliza hilo, na jibu lake lilikuwa Barabara ya Morogoro. Kosta ilikwenda Kibaha, ikapita, ikaenda mpaka Mlandizi, ambako watu walishuka wakanywa supu na kunyoosha miguu. Waliporudi ndani, Fakihi alisimama mbele na kipaza sauti.

"Wageni wangu waheshimiwa, kuanzia hapa tunaingia katika himaya ya mlima. Mgeni akiutazama mlima kabla hajausalimia, unamfunga miguu. Kwa hiyo tunafunga mapazia, tunazima simu, mpaka nitakaposema."

Kuna waliosita. Lakini Mzee Adelard akainuka akaeleza kwamba jambo hilo lina msingi wa kisayansi, kwani mwanga wa nyanda za juu ni mkali na humwumiza macho mtu aliyezoea tambarare. Mapazia yakafungwa. Dereva akageuza gari kurudi Kibaha, akakamata njia ya Mapinga kwa mwendo wa maharusi, na pale palipokuwa na shimo barabarani alilitafuta kwa makusudi, maana ndivyo walivyokubaliana.

"Mmesikia masikio yanaziba?" Fakihi aliuliza baada ya nusu saa. "Ndiyo urefu wenyewe huo."

Ishirini na wanane wote walikuwa wamesikia. Mama mmoja akasema na yeye pua pia. Mzee Adelard akafungua kifungo cha shati akitangaza kwamba hewa imeanza kuwa nyepesi, na kijana aliyekuwa dirishani akavaa sweta. Mambo yalikwenda vizuri mpaka walipokaribia Boko, ambako pikipiki yenye spika iliwapita karibu ikinadi: sumu ya panya, sumu ya mende, kunguni, viroboto, mia tano tu. Ndani ya gari watu wakatazamana gizani.

"Hata mlimani kuna panya," alisema Fakihi, na kwa kuwa hilo lilikuwa kweli, hakuna aliyebisha.

Machimboni alikuwa ameweka mwenyeji. Huyu alikuwa Jonas, mlinzi wa eneo lile, Mmakonde mchonga vinyago, ambaye kwa chakula cha mchana na soda mbili alikubali kuvaa kaniki na kuitwa mlinzi wa mzimu. Aliambiwa asiseme Kiswahili hata neno moja. Wageni waliposhuka, macho yamefinywa na jua, Jonas aliwapokea kwa Kimakonde kirefu, akilalamika kwamba kaniki inawasha na kwamba aliahidiwa pilau saa sita na sasa ni saa saba.

"Anasema karibuni sana," Fakihi alitafsiri.

Kwa kuwa mlima haukuwepo, Fakihi aliutengeneza. Palikuwa na kifusi kikubwa cha mabaki ya mawe, na aliwapandisha huko mmojammoja, wakihema, madumu yakigongana, akiwasihi wasiharakishe wasije wakapata ugonjwa wa kimo. Walipofika juu, akawaambia sasa wanaweza kutazama. Wakatazama. Chini yao palikuwa na kuta nyeupe na maji ya kijani, na ndege fulani weupe waliokuwa wakizunguka katikati, na wenye madumu wakayaweka chini. Fakihi mwenyewe alipatwa na furaha ambayo hakuitarajia. Alijisikia amefanya jambo jema, na ingefaa angeshtuka hapohapo, maana hakuwahi kujisikia hivyo akiwa kazini.

Wakashuka kwa njia ya malori ya zamani. Watu wakanawa uso, wakajitazama kwenye simu, wakaambiana kwamba kweli kuna mabadiliko. Pilau ikaliwa. Mzee Adelard alitoa somo kwamba korongo lile limechongwa na mto kwa miaka milioni sita, na ile mistari iliyonyooka ukutani, iliyochimbwa na mashine za kutobolea miamba, akaieleza kuwa ni mikwaruzo ya barafu ya kale. Fakihi alimsikiliza kwa heshima ya mtu anayejifunza kwa bwana mkubwa.

Angeishia hapo, jioni ile angekuwa mchumba halali. Lakini Mama Yuliana, aliyekuwa amekaa kimya juu ya jiwe akilamba asali kidoleni, alimwita.

"Kijana, huu mzimu ni wa nani?"

Yalikuwepo majibu mia yasiyo na madhara. Angeweza kusema ni wa wahenga, au hautajwi jina. Lakini Fakihi alikuwa ameshiba, watu wote walikuwa wamegeuka kumsikiliza, na kipaza sauti kilikuwa mkononi. Akaelekeza kidole kwenye bapa kubwa la mwamba kando ya maji.

"Pale," alisema, na sauti ikamkatika vizuri sana, "amelala babu wa babu yangu. Kila nikija hapa nalia."

Akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, maana aliyaita tu yakaja.

"Pole, mwanangu," alisema Mama Yuliana. "Na alikuwa kabila gani marehemu?"

"Mzaramo, mama. Kama mie."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli alilolisema juu yake mwenyewe siku ile, na ndilo lililomponza. Kisha akaona tabasamu linazaliwa kwenye uso wa Mama Yuliana, likahamia kwa Mzee Adelard, likaenea kwa wote ishirini na wanane, na ndipo Fakihi alipokumbuka jambo ambalo mtoto wa Kizaramo hulijua kabla hajaota meno. Mnyamwezi ni mtani wake. Tangu enzi za misafara ya miguu, Mnyamwezi akiukuta msiba wa Mzaramo anaweza kumtukana marehemu, kuvaa shati lake, kuzuia jeneza, kubeba mali ya wafiwa, na mfiwa kazi yake ni kucheka na kukomboa. Mfiwa akikasirika, amejiaibisha yeye na ukoo wake wote. Siku ya maziko ya baba yake Fakihi, mtani mmoja alishuka akakaa kaburini, akakataa kutoka mpaka aletewe soda ya baridi. Na sasa yeye, kwa akili zake timamu, alikuwa amekodi gari, akawakusanya watani ishirini na wanane, akawaleta mpaka kwenye kaburi la babu yake na kuwatangazia kwa kipaza sauti.

"Jamani," alisema Mama Yuliana akisimama, "kumbe tupo msibani, na mfiwa hasemi."

Akaenda akajilaza chali juu ya lile bapa, miguu ameinyoosha, akatangaza kwamba haondoki, babu huyu alikufa na deni la mahari ya mke wake wa tatu. Kuanzia hapo mambo yalikwenda kasi. Kina mama wakalia kilio cha kumsema marehemu: alikuwa mlafi, alikoroma, aliogopa kuku. Mmoja alimvua Fakihi kizibao akakivaa, mwingine akavaa viatu vyake. Sufuria la pilau lilitwaliwa pamoja na Jonas aliyekuwa analikomba, naye akasahau masharti akasema kwa Kiswahili safi kwamba jamani yeye ni Mmakonde, msiba haumhusu. Mzee Adelard alichukua kipaza sauti, akaanza kusoma wasifu wa marehemu, na ulikuwa mrefu.

Fakihi alicheka. Alicheka inavyotakiwa, huku akigeuka huku na huku. Moyoni alikuwa anafanya hesabu nyingine. Akisema hapana kaburi, basi hapana mzimu, na kama hapana mzimu, hapana mlima, na watu ishirini na wanane wapo naye chini ya shimo lenye njia moja ya kutokea. Akinyamaza, ni mfiwa, na mfiwa hana chake. Alichagua kunyamaza, akijipa moyo kwamba viatu vinanunulika.

Ndipo wanaume wawili wakatokea kwenye Kosta wamebeba kitu kilichofungwa kwa khanga.

Kicheko kilimkauka. Alikwenda mbio, peku, akasimama mbele yao.

"Hiyo siyo ya marehemu. Hiyo ni yangu."

"Mrithi wake si ndiye wewe?" aliuliza Mama Yuliana kutoka kaburini.

"Mama, nakuomba. Chukueni vyote. Hiyo ni mahari ya mtu."

"Umekasirika, mtani?"

Wote wakamgeukia. Hasira ilikuwa imeshampanda, na machozi yaliyokuja safari hii hakuyaita. Alimwona Najma, aliona maini ya Vingunguti. Lakini mama yake alimlea, na mama yake alikuwa Mzaramo wa kweli.

"Sijakasirika," alisema.

"Basi tutaitunza mpaka utakapokuja kukomboa," akasema Mama Yuliana, akainuka, akajifuta vumbi.

Walipopanda gari, Fakihi alishika pazia kulifunga, kwa mazoea tu. Mama Yuliana akamgusa dereva begani, akamwambia asijisumbue tena na Mlandizi. Ashike Barabara ya Bagamoyo moja kwa moja, watu wawahi nyumbani. Mapazia yakafunguliwa yote, na Boko ikaonekana ilivyo, na maduka yake ya vifaa vya ujenzi na vibanda vya chipsi. Kicheko kilichopigwa ndani ya Kosta kilisikika mpaka Tegeta. Kati ya wageni, mtu mmoja tu hakucheka. Mzee Adelard alitazama nje muda mrefu, akasema kwamba kijiolojia jambo hilo bado linawezekana, na pipa lake la maji akaendelea kulikumbatia.

"Umejua saa ngapi, mama?" Fakihi aliuliza chini chini.

"Asali Boko naleta kila Alhamisi, mtani. Na yule wa sumu ya panya ni mteja wangu, sauti yake naijua." Akamtazama kwa huruma kidogo. "Polisi tungepoteza siku. Na siku ilikuwa nzuri."

Asubuhi yake, Jumapili, Fakihi alikwenda Temeke na kandambili za kuazima. Njiani alitunga hadithi nne za kumwambia Najma. Ya majambazi ilikuwa nzuri, na ya moto kwenye gari ilikuwa nzuri zaidi. Lakini alipomkuta ameinama juu ya cherehani yake ya kukanyaga, anapindia sare ya shule, hadithi zote zilimkimbia, akamweleza mambo yalivyokuwa, tangu kiwanja mpaka kandambili. Baba yake Najma, Mzee Khalfani, aliyekuwa amekaa upenuni, alicheka mpaka akapaliwa na kahawa. Najma hakucheka. Alikata uzi kwa meno.

"Sasa kwa nini na wewe hukuwatania?"

Fakihi hakuelewa.

"Utani si wa upande mmoja. Wao wamechukua chako, na wewe unachukua chao. Walikuwa na asali, walikuwa na simu, yule mzee alikuwa na pipa. Ulikuwa na haki ya kubeba hata gari."

Siku nzima ile Fakihi alikuwa amewaza kama mwizi, na mtu anayewaza kama mwizi hakumbuki kwamba ana haki. Hilo lilimwuma kuliko viatu.

Najma alijifunga khanga, akatoka bila kumwambia amfuate, naye akamfuata. Buguruni sokoni walimkuta Mama Yuliana katikati ya mapipa yake ya asali, cherehani iko nyuma yake juu ya gunia. Najma alimwamkia shikamoo kwa adabu zote, akapokea marahaba yake, kisha akapanda akakaa juu ya pipa kubwa kuliko yote, akakunja miguu. Akawatangazia wanunuzi kwamba Wanyamwezi wote wana sikio moja, lile lingine lililiwa na nyuki, na kwamba yeye Mzaramo amefika na asali ya leo haiuzwi mpaka jua lizame. Watu wakajaa. Kila mteja aliyenyoosha chupa, Najma alimwambia mwenye duka amefariki, arudi kesho kwenye arobaini.

Mama Yuliana alivumilia robo saa. Halafu alianza kutikisika mabega, akacheka kicheko kirefu mpaka akashika nguzo, akaita vijana waibebe ile cherehani waiweke miguuni kwa mtani. Akaongeza na chupa ya asali, akasema amefurahi kuona kwamba Wazaramo hawajaisha wote. Fakihi hakutazamwa.

Cherehani ilikuwa nzito, na Fakihi ndiye aliyeibeba mpaka Temeke, mpaka ndani, mpaka juu ya meza aliyoonyeshwa. Akaipangusa vumbi la machimbo kwa mkono wa shati. Kisha akajiweka sawa, akamgeukia Mzee Khalfani, akaanza kusema kwamba basi, mzee, kwa kuwa mahari imeshafika.

"Ipi hiyo?" aliuliza Najma, akiwa ameshaanza kutunga uzi. "Hii nimeikomboa mie kwa watani zangu. Ni yangu, kila mtu Buguruni ameona. Yako bado, Fakihi, na mwezi unaisha Ijumaa."

Alisema hivyo bila ukali, akamwekea asali kidogo kwenye kipande cha mkate ale kabla hajaondoka.